Uzi wa Bibi Kwenye Sinema ya Bukoba

Mkutano uliitishwa saa nne, lakini kabla wauza chai hawajawasha majiko nilikuwa nimeshashuka kwenye basi la Muleba na kuanza kulizunguka lile jengo la sinema. Wewe unanijua, kungoja hatupatani. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango, nikaona giza na magugu yaliyoota sakafuni. Nikaenda nyuma, nikakuta mpera umepenyeza mizizi ukutani. Nikarudi mbele. Herufi za jina la sinema zilidondoka zamani, zimebaki alama zake tu kwenye plasta. Siku hiyo tulikuwa tunaitwa kutoa maoni, lifanyiwe ukarabati liwe sinema tena, au livunjwe vijengwe vibanda vya maduka. Mimi nilitaka likarabatiwe.

Niliingia humo mara ya kwanza nikiwa na umri wa kama miaka tisa. Uhuru ulikuwa bado mpya, watoto tukiimba nyimbo za taifa hata tukienda kuteka maji. Likizo ya mwisho wa mwaka bibi alinitoa kwetu Ijumbi, tukaenda Kagondo, kando ya mji wa Bukoba, kumsaidia shangazi yangu aliyekuwa amejifungua. Tulimenya ndizi, tukatandaza nyasi mpya ndani, tukageuzageuza kahawa kwenye mikeka na kuikusanya mbio kila wingu lilipotisha. Mvua za msimu ule zilikuwa hazieleweki. Kila jioni bibi alitoka uani, akanusa hewa na kusema senene, wale panzi wa kuliwa, hawako mbali.

Alikuwa na sababu ya kuwangoja. Kwetu wakati ule mwanamke alikamata senene lakini hakuwala, aliwala mumewe. Na mume aliyeletewa senene wa kwanza wa msimu ilimpasa kumpa mkewe nguo mpya. Babu mwaka ule alikuwa amenunua baiskeli, na kila bibi alipogusia habari ya gomesi, lile gauni refu la heshima, alijibu kwamba senene wenyewe hawajaonekana. Bibi alikuja Kagondo na hasira hiyo.

Shangazi, kwa kutushukuru, alitulipia sinema jioni moja. Bibi hakuwahi kuiona sinema. Tulipoingia ukumbini na kukuta watu wameshakaa, alifanya alivyozoea kufanya nyumbani kwa watu. Alipita safu kwa safu akisalimia, akawapigia magoti waliomzidi umri, kisha akatoa kikapu chake kidogo cha akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa za kumtafunisha mgeni, akakipitisha mkono kwa mkono. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini watu walipokea, wakatafuna, na hata mwenye sinema, mzee wa Kihindi aliyesimama mlangoni na tochi, alichukua punje mbili akainamisha kichwa.

Taa zikazimwa. Nikaacha kutafuna. Kwenye kile kitambaa kikubwa cheupe alitokea binti analia peke yake barabarani, na hata bila kuelewa neno la Kihindi nilijua kwamba ameonewa. Bibi alijua zaidi yangu. Akawa anamshauri kwa sauti, "Rudi kwenu, mwanangu, rudi kwa mama yako!" Mbele yetu na nyuma yetu wanawake wengine wakamuunga mkono.

Kulikuwa na joto, milango ya pembeni ilikuwa wazi. Senene wa kwanza alitua shavuni kwa yule binti. Kisha wa pili. Halafu nikasikia ule mvumo ambao mtu wa Bukoba akiusikia hata kanisani hatulii, na kitambaa chote kikageuka kijani. Walikuwa wameufuata mwanga.

"Mawe, mama yangu! Senene hao!" bibi akapiga kelele. "Mwijukuru, shika kikapu!"

Mwijukuru ni mimi, mjukuu wake. Hakuna aliyebaki kitini. Wanawake walifunga kanga viunoni wakapanda jukwaani, wanaume wakavua makoti wayafanye mifuko, hata karani mmoja niliyemwona amevaa tai alikuwa anaparura kitambaa kwa mikono miwili. Picha iliendelea kuonyeshwa, ikituangukia migongoni. Tulicheka, tulisukumana, tulisalimiana upya. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, ya kufurahi na watu wote kwa mpigo bila kujua majina yao. Kisha kitambaa kikachanika, praaa, kuanzia juu kushuka chini.

Mwenye sinema aliwasha taa, akatutazama, vikapu vyetu vimejaa. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akashika kichwa. Bibi akamwendea, akapiga magoti.

"Waitu, mzee wangu, kesho nitakushonea," akamwambia.

Asubuhi alikwenda kweli, na wenzake kadhaa, na sindano ile nene ya kushonea magunia ya kahawa. Walishona siku nzima, mimi nikiwapitishia uzi. Mshono ulitoka imara lakini mbaya, umenyooka katikati kama njia ya siafu. Tangu hapo kila aliyetokea kwenye picha Bukoba alikuwa na mshono usoni, mkubwa kwa mdogo, na baadaye hata wale wa picha za serikali za kutuhimiza kulima na kuhamia vijijini. Bibi alipata gomesi yake, lakini alichojivunia hadi kufa ni kile kitambaa. "Hata awe mfalme," alikuwa akisema, "akifika Bukoba atapita kwenye uzi wangu."

Ujamaa ulipokolea, mwenye sinema alifunga akawafuata wanawe ng'ambo. Jengo likawa ghala la unga, kisha la magunia matupu, mwisho likawa la popo. Kitambaa sijui kiliishia wapi. Labda kilikatwa matandiko. Kwa miaka mingi nilipita pale nikijiambia mtu fulani atalifungua, na kila nilipopita nilikuta kufuli lilelile limezidi kutu.

Basi, mkutano. Ulianza saa sita. Mwenyekiti, kijana mwenye adabu na ramani mikononi, alisema fedha za ukarabati zinaweza kutafutwa, ila lazima ijulikane ukumbi ulikuwaje, kwa sababu michoro ya zamani haipo. Nilisimama. Akaniambia, "Bibi, kaa kwanza, utapewa nafasi." Nikakaa. Aliposema neno vibanda nikasimama tena, vijana wa nyuma wakacheka. Mmoja akauliza kwa nini tujenge sinema ilhali kila mtu ana yake mfukoni. Nilitaka kumjibu kwamba ya mfukoni mtu huangalia peke yake, lakini niliambiwa tena nikae.

"Wale waliowahi kuangalia sinema humu ndani," mwenyekiti akasema, "wanyooshe mikono, watueleze. Tutawaandika wawe mashahidi wa ukarabati."

Nikanyoosha upesi, nikageuka kuwatafuta wenzangu. Jioni ile tulikuwa tumejaa ukumbi mzima. Nilitafuta mvi, nilitafuta fimbo. Mzee aliyekaa jirani yangu alitikisa kichwa akaninong'oneza kwamba baba yake alikuwa katekista, sinema waliambiwa ni dhambi. Kwingine kote mikono ilikuwa mapajani.

Pale ndipo nilipoogopa, rafiki yangu. Mabati yatanunuliwa, viti vitachongwa, hata kitambaa cheupe kitapatikana, na mimi nitaingia nisiwe na wa kumsalimia hata safu moja.

"Asante bibi, tumekuona," mwenyekiti akasema. "Shusha mkono."

Sikuushusha. Nilingoja mkono wa pili.