Mpango wa Urbano wa Kurasa Arobaini na Moja

Ukitaka kuona mtu anajipenda, kuja Gitega, hapa Burundi, kwenye shirika yetu uulize Urbano. Iko kwenye biro ya mwisho, ofisi ile yenye pazia, na mlangoni ameandika "Mkuu wa Mifumo". Hiyo mifumo ni ordinateri mbili, kompyuta tu, na emprimanti moja ya kuchapia inatafuna karatasi kama mbuzi.

Mi naendesha gari ya shirika. Shule niliacha neviemu, mwaka wa tisa, basi naandika vile nasemaka. Anayetaka Kiswahili ya redio amuendee Urbano, ye alikulia kambi ya Mtabila kule Tanzania, akarudi mtu mzima na diplome tatu za juma mojamoja. Zote ziko kwa ukuta, kila moja na kioo yake, na huwezi kutoka mule ndani hujaonyeshwa.

Shirika inasaidia watu waliorudi kutoka Tanzania wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Wanatuletea karatasi: nani aliuza, nani alirithi, majirani gani walitia kidole. Zamani Gaudensia, sekretere wetu, alikuwaka anazifunga kwa kamba na kuzipanga kwenye kabati. Urbano alipofika akacheka hiyo kabati. Akapiga picha karatasi zote, za familia mia nne, akazituma kwa klaudi, yaani kwenye mashini za watu wa mbali wanaokutunzia vitu kwa interneti. Kabati ikawa ya makoti yake. Karatasi zenyewe, zile za wino na vidole, akazitia kwenye makartoni, akayaweka chini, kwenye sakafu ya udongo ya stoo.

"Pale chini iko mchwa," Gaudensia alimuambia.

"Mama, karatasi ni mambo ya kizamani. Mchwa hawapandi mawinguni."

Hiyo neno yake aliifurahia juma nzima. Alikuwa anairudilia hata kwa wageni.

Bon, kisha wafadhili wakauliza: siku klaudi ikiwakatalia, mtafanya nini? Wanataka mpango kwa maandishi. Urbano akajifungia siku tatu, akatoka na kurasa arobaini na moja, na jalada ya plastiki. Mi niliisoma yote, niko kwenye foleni ya mafuta, foleni ya siku mbili, wakati nilikuwa nao. Ile mpango aliichota kwa benki ya kisiwa fulani, akabadilisha jina tu. Ukurasa wa kumi na mbili unaeleza vile tutaokoa mashini kama bahari imepanda. Bahari ipande mpaka Gitega, na sisi tuko tunakimbia na emprimanti kichwani.

Ukurasa wa kumi na saba ndo aliandika mwenyewe, unaonekana: "Namba ya dharura ya Mkuu wa Mifumo iko hewani saa zote." Hiyo namba ni laini yake ya Tanzania. Watu waliokulia kule wengi wako na hiyo ugonjwa, laini ya kule hawaitupi, wanaitembeza kwenye waleti kama picha ya mchumba. Lakini hapa Gitega haikamati rezo, yaani mtandao, hata ukipanda juu ya antena.

Sebastiani, mkubwa wetu, aliipima mpango kwa mkono, akaona ni nzito, akasaini.

Kila mwezi wa sita tulifanyaka zoezi. Urbano anapuliza filimbi, tunatoka wote uani, anatuhesabu, tuko tisa, tunakunywa Fanta, tunarudi ndani. Anaandika: limefanikiwa. Mara moja nilimuuliza, "Shefu, si tujaribu kurudisha hata karatasi moja, tuone kama inarudi?"

"Wewe angalia pneu za gari," akasema.

Jumatatu moja umeme ukakatika, ukarudi na hasira, ordinateri zote mbili zikatoa harufu ya nywele zinaungua. Urbano akatabasamu. Mi nilimuona, alitabasamu kabisa. "Hakuna tatizo," akasema, "hii ndiyo siku tuliyoipangia." Akanunua mashini mpya, akaandika jina lake na neno la siri. Klaudi ikamjibu kwamba hii mashini haiijui, basi imemtumia namba ya kuhakikisha kwenye simu yake ya dharura, aiandike ndani ya dakika kumi. Simu ya dharura ndo ile laini iliyo kwenye waleti.

Kwenye benchi ya mlangoni alikuwa amekaa Dorotea, mjane wa Makebuko. Bwana yake alikufa kule kambini, na aliporudi akakuta shemeji analima shamba lake na hataki kutoka. Ijumaa ya juma hiyohiyo jaji alikuwa anakuja shambani kumaliza hiyo kesi. Dorotea alikuwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha: karatasi ya vidole vya majirani wanane. Alikuja kuichukua.

Gaudensia akaenda stoo kutafuta ile ya wino. Akarudi amebeba kartoni, akaifungua mbele yetu. Ndani hamna karatasi. Kulikuwa udongo wa mchwa, umekaa vizuri umbo la karatasi, tabaka kwa tabaka, mpaka na kamba ya Gaudensia imezunguka.

Dorotea akaweka kidole pale, ikamomonyoka.

"Urbano mwanangu," akasema, "leo Jumatatu."

Jumatano ndo tulipata mafuta. Laini ya Tanzania inakamata Kobero, kwenye mpaka, mbele ya Muyinga, basi huko ndo tuliendea. Dorotea akapanda mbele bila kuuliza mtu. Urbano nyuma, mashini mpya kwenye mapaja na mpango juu ya mashini, anatueleza kwamba sasa tuko katika awamu ya pili.

"Na humo kwenye kitabu chako, mimi nimo?" Dorotea akamuuliza.

"Umo, mama. Wewe ni mnufaika."

"Ahaa." Akageuka akaangalia migomba mpaka Muyinga.

Pale Muyinga mjini tukamchukua Hamissi, muuza vitenge, rafiki yangu. Ye anavuka Tanzania kila juma, anajua pahali rezo inasimama. Akatupeleka nyuma ya malori yanayongoja forodha, kwenye kichuguu kimoja. Urbano akapanda, akatoa ile laini kwa vidole viwili kama padri na ostia, akaitia kwenye simu, akaunga mashini na interneti ya simu yangu, akaomba namba. Tukangoja. Simu ikaandika: hakuna huduma.

"Uliweka vocha lini?" Hamissi akauliza.

"Si lazima vocha. Ni laini ya kupokea."

"Lini, Urbano?"

"Mwaka juzi. Nadhani."

Hamissi akakohoa kuficha kicheko, hakuficha vizuri. "Kule ukinyamaza miezi, wanaichukua wanampa mtu mwingine. Ngoja niipigie." Akapiga ile namba kwa simu yake, akafungua sauti tusikie wote. Ikaita. Urbano akaangalia simu iliyo mkononi mwake, haikulia.

"Haloo, Vumilia hapa," mwanamke akasema.

Urbano akanyakua simu. "Habari za saa hizi dada. Upo wapi?"

"Kahama. Nani mwenzangu?"

"Dada, kuna ujumbe unaingia kwenye simu yako sasa hivi, una tarakimu sita. Naomba unitajie tu hizo tarakimu."

"Wewe ndiye wa jana, mtoto amelazwa? Au wewe wa nimeshinda gari?"

"Hapana dada. Mimi ni Mkuu wa Mifumo, napiga kutoka mpakani mwa Burundi."

"Kumbe mmefika mpaka Burundi. Mmeendelea." Akakata.

Urbano akapiga tena. Safari hii akamsomea kutoka kwenye mpango, ukurasa wa nne, mwendelezo wa huduma wakati wa majanga. Vumilia akamuacha asome aya nzima.

"Kaka," akasema, "maneno unayo. Wizi umesomea chuo gani?"

Hamissi alikuwa amekaa chini, analia machozi. Mi pia sikujizuia. Lakini Dorotea hakucheka. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha, klaudi imefunga, ikasema mkijaribu mara mbili zaidi mkakosa, mtafungiwa siku saba. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

"Lete hiyo simu," Dorotea akasema.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Nimeona utaalamu. Lete."

Akapiga. Alipopokelewa akasema, "Mwanangu, usinitajie namba yoyote. Nimepiga kukusalimu." Na kweli akamsalimu. Akauliza nyumba, akauliza watoto, akauliza mvua ya Kahama. Urbano alikuwa ameomba namba nyingine kwa haraka zake, sasa anamuonyesha vidole: dakika tano, dakika tatu, dakika moja. Dorotea akamgeuzia mgongo. Ikaisha. Imebaki mara moja.

"Huyo mwanaume aliyekusumbua si mwizi," Dorotea akawa anasema. "Kwa wizi hana akili hiyo. Alikuwa na namba yako zamani, hakuitunza, na karatasi ya shamba langu ameifungia ndani ya hiyo namba. Shemeji yangu ndiye analima. Keshokutwa jaji anakuja."

"Shemeji," Vumilia akasema.

"Mdogo wa marehemu."

"Mama, mashemeji." Akavuta pumzi ndefu. "Lakini mimi nauza maandazi, pesa zangu zote ziko humu kwenye simu. Nikikutajia zikaondoka?"

"Basi usiziache humo. Mtumie dada yako zote, ubaki na sifuri. Ukimaliza nibipu."

Tukakaa pale kichuguuni. Dereva mmoja wa lori akatuuliza kama tumeharibikiwa, Hamissi akamuambia ndiyo, tangu mwaka juzi. Nusu saa ikapita, simu ikabipu. Dorotea akamuambia Urbano, "Sasa omba." Urbano akaomba ile ya mwisho. Vumilia akasoma tarakimu sita polepole, Dorotea akazirudia kwa sauti, na Mkuu wa Mifumo akaandika kile alichoambiwa na mjane wa Makebuko, akakosea moja akaifuta.

Klaudi ikafungua. Karatasi ilikuwa pale, na vidole vyote vinane. Dorotea hakumshukuru mtu pale isipokuwa Vumilia. Tukaipiga chapa Muyinga mjini, mara mbili, akazikunja ndani ya kitenge na hakuzitoa tena mpaka Makebuko.

Ijumaa jaji akasoma majina, akaita majirani. Watatu ni marehemu, watano wakatoka kati ya watu, kila mmoja akaonyesha kidole chake. Shemeji akapewa mpaka avune maharagwe, kisha atoke.

Unafikiri Urbano alikaa kimya? Aliongeza ukurasa wa arobaini na mbili: "Zoezi la Kobero, limefanikiwa." Sebastiani akampongeza mbele ya wote, tukanywa Fanta.

Shida ni kwamba ile namba bado ni ya Vumilia, na kila ukiingia klaudi inaomba tarakimu upya. Kuibadilisha, klaudi inataka ungoje siku thelathini, kisha inatuma tarakimu kwa namba ya zamani, ujibu ndani ya dakika kumi. Mara ya kwanza siku zilipotimia, Vumilia alikuwa amelala, anaumwa malaria. Mara ya pili betri ya simu ilikuwa haina moto. Kila mara wanaanza tena siku thelathini. Donc, mashamba ya familia mia nne yanakaa kwenye simu ya mama anayekaanga maandazi Kahama, na akiudhika siku moja akaitupa ile laini, hamna mtu hapa Gitega anajua kitu kingine cha kufanya. Kwenye mpango hakuna.

Basi kila Jumatatu asubuhi Urbano anafunga pazia na kumpigia. Ukuta ni mwembamba, tunasikia. Anamsalimu kwanza, vile Dorotea alimuonyesha. Anauliza watoto kwa majina, anauliza bei ya unga, anamtumia vocha ya mfuko wake. Juzi, siku thelathini zinakaribia tena, alikuwa anamuomba, sauti chini, ile sauti ya redio yote imekwisha.

"Dada Vumilia, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, nakuomba sana, usitoke nyumbani."

Vumilia akamjibu kitu kule.

"Najua ni Jumapili," akasema. "Lakini kwaya haiwezi kuimba bila wewe, dada, mara moja tu?"