Sauti ya Mzee Gwasa Kwenye Gitaa Langu la Besi

Jamani, leo jambo hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia mnavyolisimulia nyie, maana kila mtu hapa mtaani Kasingirima ana lake la kuongeza, na katika yote mimi ndiye mjinga (mjinga nilikuwa, sikatai, lakini afadhali ujinga wangu niuseme kwa mdomo wangu). Mpaka leo nikiikumbuka aibu ile nikiwa peke yangu chumbani, najifunika shuka.

Mnajua ugonjwa wangu ni magitaa ya besi. Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi, wanamuziki wa Kongo walishuka bandarini Kibirizi na ala zao mgongoni, wengine maisha yakiwabana wakauza, na mimi badala ya kununua bati niezeke kama vijana wenzangu nikanunua magitaa, yakajaa chini ya kitanda na juu ya kabati. Na nikishalinunua siliachi lilivyo, lazima nilifungue, nichonge mbao, nibadilishe zile sumaku zilizosukwa waya, zinazokaa chini ya nyuzi na kudaka mlio wake. Lile jekundu nililipenda kuliko yote, na ndilo lililonimaliza.

Siku hiyo ilikuwa sherehe ya kumuaga Sofia, binti mkubwa wa Mzee Gwasa, na mimi nilikuwa nimeshapeleka posa kwa mdogo wake, Adela, nasubiri jibu la mzee. Bendi yetu ikaalikwa kupiga. Nikasema leo ukweni wataona kwamba mimi si muhuni, ni fundi. Asubuhi nikalifungua lile jekundu nipachike sumaku ya pili lipige mlio mzito zaidi, nafasi ikawa finyu, kwa sababu ndani lilitandazwa karatasi ya shaba pande zote. Nikaibandua yote nikaitupa. Kalala, Mkongo wetu wa kupiga solo, akaniambia, "Ndugu, hiyo shaba si pambo. Inazuia mawimbi ya redio yasiingie." Nikamjibu kwamba hapa tunapiga harusi, hatusikilizi taarifa ya habari. Na kwa ile haraka nikaunganisha hata volyumu kinyumenyume, ukizungusha kupunguza inaongeza, nikasema basi, nitaizoea.

Mzee Gwasa mwenyewe hakutarajiwa pale. Alikuwa dereva wa lori la shirika moja la misaada, ameomba ruhusa amuage mwanawe, akanyimwa, akatumwa Ilagala kupeleka mablanketi, alale huko huko. Halafu bosi wake, nadhani dhamiri ilimsuta, akaja mwenyewe na zawadi, akakalishwa kwenye kiti cha baba wa binti, akasimama akasema kwa unyenyekevu, "Mzazi mwenzetu yuko kazini kwa ajili ya wakimbizi. Leo nipokeeni mimi kwa niaba yake." Mama Sofia akafuta machozi. Sofia hakuyafuta, aliyaacha yashuke.

Tukaanza kupiga. Hatujafika mbali, spika yangu ikakoroma, halafu ikasema. Nasema ikasema, kwa sauti ya mtu mzima, "Kituo, kituo, hapa lori namba tatu."

Watu wakaacha kucheza. Bibi yake Adela akamwita Mungu wake kwa Kiha, "Mana yanje," akashika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikakimbilia volyumu nipunguze, nikazungusha kwa nguvu zangu zote, na mnajua nilivyokuwa nimeiunganisha. Sauti ikajaa uani na barabarani: "Bado niko Ilagala. Kivuko kimeharibika, nimekwama ng'ambo. Nitalala huku." Na nyuma ya maneno hayo, humo humo ndani ya spika, tukamsikia MC wetu mwenyewe akiuliza, "Jamani, hicho ni nini?"

Sofia ndiye aliyeelewa kwanza. Aliinuka na gauni lake. "Ni baba," akasema. "Baba yuko hapa nyuma."

Maskini mzee wa watu, kumbe alishusha mablanketi, akageuza gari, akakimbia akamuone mwanawe akiagwa, akafika nyuma ya nyumba kwenye migomba, akachungulia uani, akamwona bosi amekalia kiti chake. Akarudi kujificha kwenye lori. Ofisi ikamwita kwenye redio kolu ya gari, akajibu alivyojibu, na gitaa langu lililovuliwa shaba likayadaka yote.

Bosi aliinuka akazunguka nyumba. Ningeweza kuchomoa waya, ndiyo, kila mtu ananiuliza mbona hukuchomoa, lakini mimi nilikuwa bado nahangaika na ile volyumu. Na mzee, kwa mshtuko wa kujisikia akivuma uani kwake mwenyewe, alikuwa bado amebana kitufe cha redio, kwa hiyo tukasikia hata mlango wa lori ukifunguliwa.

"Shikamoo, Mzee Gwasa."

"Marahaba, bosi."

"Maji ya Malagarasi pale kivukoni yamejaa?"

"Yamejaa, bosi."

"Nipe funguo. Halafu nenda kakae kwenye kiti chako, mtoto anakungoja."

Akaingia uani ameinamisha kichwa, Sofia akamkimbilia, wakalia wote wawili, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikadhani nimesalimika. Mzee alipokaa aliniangalia mimi, akaliangalia gitaa, akaniangalia tena. Kazi yake iliishia siku ile, kwa sababu si sisi tu tuliosikia, na ofisini nao walikuwa wakisikiliza. Miaka yote ile ya barabara mbovu hakuwahi kuangusha gari, akaja kuangushwa na mimi.

Nikaacha mambo yapoe kidogo, nikamtuma mshenga wangu akaulizie posa. Alirudi upesi mno, hata maji hakupewa.

"Mzee anasema jibu lako lipo," akaniambia. "Ila liko Ilagala. Kivuko kimeharibika, limekwama ng'ambo."

Adela aliolewa Kasulu. Mimi nimebandika shaba kwenye magitaa yangu yote, hata ambayo hayakuwa nayo, na asubuhi ya shughuli ya watu sishiki tena bisibisi, nimeapa. Kivuko cha Ilagala nimekipanda mara nyingi tangu siku ile, na hakijaniharibikia hata mara moja.