Tairi la Meno Makubwa na Mlolongo wa Kura

Kuna njia fupi ya kutoka kwangu hadi dukani, nami siipiti tena. Inapita mbele ya kituo cha kupimia majani chai, na pale kituoni hata yule bibi arusi aliyeolewa kwetu juzi, ambaye hakuwepo siku hiyo, akiniona naja na pikipiki hujifunika leso usoni na kujificha nyuma ya mwenzake, halafu wote wanacheka mpaka wanashikilia vikapu. Sina la kuwafanya. Aibu hiyo niliinunua mwenyewe dukani, nikafungiwa kwa spana, nikaipanda na kuipeleka mbele ya watu, kwa hivyo wacha niwasimulie mimi kabla hamjasimuliwa na jirani yangu, ambaye siku hizi ameongeza mpaka mbuzi ambaye hakuwepo.

Mnajua hapa naitwa Profesa. Si kwa ubaya. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa baba mzima, kwa masomo ya jioni, nikitoka kuchuma chai na kuingia darasani na vidole vyeusi kama vya fundi wa magari, na tangu nilipopata kile cheti siwezi kukaa kimya kwenye mkutano wowote, hata wa mazishi. Basi kiti cha mwenyekiti wa kamati ya kituo kilipobaki wazi (mzee aliyekuwa nacho alihamia kwa mwanawe Londiani, akasema huko angalau viazi havina kelele), nikajiona nimeitwa.

Na sikukitaka kwa majivuno tu, ingawa majivuno yalikuwepo, gunia zima. Nilikitaka kwa sababu ya mlima wetu. Mvua ya alasiri ikinyesha, lori la kiwanda hufika hapo chini kwenye lami, dereva anautazama mlima, mlima unamtazama, halafu anarudi zake, na majani yetu yanabaki kwenye magunia yakipata joto mpaka yanakuwa mekundu, asubuhi karani anayakataa. Kuna siku Mama Kibet, mke wangu, alimwagia ng'ombe mchumo wake wote, majani mawili na chipukizi, safi kabisa, na hakuongea na mtu mpaka Jumapili. Hiyo siku ndiyo niliapa kwamba mtu wa kumsimamia yule dereva lazima apatikane, na nikitazama kushoto na kulia sikuona mwingine ila mimi.

Aliyesimama kushindana nami alikuwa Mama Chepkoech, mjane wa ng'ambo ya kijito, mwanamke wa maneno machache kama chumvi ya mgonjwa. Kampeni yake ilikuwa kusalimia watu. Yangu ilikuwa na kauli: mwenyekiti asiyezuiwa na tope. Mvua, jua, mimi nitateremka na pikipiki yangu, nimkamate dereva kabla hajageuza.

Shida ni kwamba pikipiki yenyewe ilikuwa inazuiwa na umande. Tairi la nyuma lilikuwa kipara, laini kama kichwa cha shemeji yangu, na wiki ile nilipotangaza nia nilianguka nalo mbele ya kanisa watu wakitoka ibada. Ndipo Weldon, rafiki yangu na meneja wa kampeni (yeye ni mtu wa boda boda, anajua siasa zote za barabarani), akasema twende Roret siku ya soko, tukabadilishe.

Mwenye duka alikuwa na matairi aina tatu. La kwanza la lami, lina mistari myembamba iliyonyooka kama suruali ya pasi. La pili la lami na udongo, lenye meno ya kawaida, ambalo boda zote za huku kwetu hufunga na hakuna aliyewahi kulalamika. La tatu hakulitoa, lilikuwa limening'inia peke yake juu ya msumari, na mimi nikaliona mwenyewe, na moyo ukaniruka. Jamani, yale yalikuwa meno. Magego ya kiboko. Kila jino kuku angeweza kulalia. Nadhani lilitengenezwa kwa watu wanaopanda milima wakifukuzwa.

"Hilo ni tairi la kiongozi," Weldon akasema.

Mwenye duka, mtu mwaminifu, akasema la pili lingenitosha kabisa, na kwamba hilo la juu ni nene mno, meno yatasugua madigadi, lile bati la juu ya gurudumu pamoja na mpira wake unaoning'inia nyuma. Nikamuuliza suluhisho ni nini. Akasema suluhisho ni kuchukua la pili. Nikamwambia hapana, suluhisho lingine. Akakuna shingo, akasema labda madigadi itolewe.

"Toa," nikasema.

Neno fupi hivyo. Mtu anaweza kulisema akipiga mwayo.

Ikatolewa, ikafungwa kwa kamba juu ya kiti, tukapanda nyumbani. Nyuma pikipiki ilibaki wazi kama nyumba iliyong'olewa mabati, Weldon akasema hewa ni nzuri kwa tairi. Na ule mlima, wacha niwaambie, niliupanda kama mbuzi mwenye deni. Watu walitoka mashambani kutazama. Wazee walilishika lile tairi jino moja moja kama wanaotaka kununua ng'ombe. Na siku zote zilizofuata hakukunyesha hata tone, jambo ambalo kwetu likitokea watu huanza kuulizana nani amemkosea Mungu, kwa hivyo nilizunguka kila boma nikipiga kampeni kwenye vumbi na sikupata hata nafasi moja ya kujua kile nilichokuwa nimekifanya.

Mvua ikarudi usiku wa kuamkia uchaguzi. Ilirudi na madeni yake yote.

Afisa wa kiwanda aliyekuja kusimamia alikuwa kijana mpole mwenye gambuti safi, zile buti za mpira, akatueleza utaratibu: kura ni ya mlolongo, wagombea wawili wasimame mbele wakitazama mizani, wapiga kura wapange foleni nyuma ya wanayemtaka, na mgombea haruhusiwi kugeuka, kusudi kusiwe na kinyongo baadaye cha nani alisimama wapi. Mama Chepkoech akasimama wima na sweta yake na mkoba wake. Mimi nikaja nimekaa juu ya pikipiki, helmeti kichwani. Afisa akaniuliza kama siwezi kusimama kwa miguu kama mwenzangu. Nikamjibu kwamba pikipiki hii ndiyo ahadi yangu kwa wananchi. Watu wakapiga makofi, na mimi makofi ni ugonjwa wangu.

Basi foleni zikajipanga. Sikuona, lakini nilisikia miguu ikinyonywa na tope nyuma yangu, mingi, mingi tena, na kikohozi cha mwalimu wangu wa masomo ya jioni, na sauti ya Mama Kibet akimwambia mtu asimsukume, kwa hivyo nikajua mke wangu yuko wa kwanza kabisa, nyuma ya tairi, na gauni lake la manjano la kanisani. Weldon akapita kando yangu akijifanya anatafuta mtu, akanong'ona kwamba mkia umefika barabarani na wa Mama Chepkoech umeishia kwenye choo. Nilishashinda. Nilishaanza kuchagua maneno ya kumshukuru mpinzani wangu kwa ushindani mzuri.

Hapo afisa akaniambia, kwa adabu kabisa, "Profesa, sogea mbele kidogo, watu wako wa mwisho wamesimama barabarani."

Mtu mwenye akili angeisukuma kwa miguu, hatua chache, kama bata. Lakini mimi ni mwenyekiti asiyezuiwa na tope, na tope ndilo hilo hapo. Nikapiga kiki.

Injini ikawaka, nikaweka gia, nikafungua mafuta. Tairi likazunguka papo hapo, meno yakauma chini, pikipiki haikusogea. Nyuma yangu kelele zikapanda. Ndani ya helmeti kelele zote ni moja, na mimi nikasikia shangwe. Nikaongeza mafuta. Shangwe ikawa kubwa zaidi, nikaona ajabu jinsi watu wanavyoweza kumpenda mtu. Afisa mbele yangu alikuwa anapunga mikono yote miwili, nikadhani ananielekeza, njoo, njoo. Watu wa Mama Chepkoech walikuwa wameinama wakijishika matumbo, nikasema moyoni, maskini, kushindwa kunauma. Nikafungua mafuta yote.

Lilipochimba mpaka likafika kwenye mawe, lile tairi likashika. Pikipiki iliruka kama imeitwa jina, ikapita mizani, ikaingia chini ya paa, ikalala ubavu, na mimi nikaendelea peke yangu mpaka kwenye rundo la majani yaliyokuwa yanasubiri lori, nikazama mpaka masikioni. Sikuumia popote. Kama mnataka kuanguka, angukeni kwenye majani mawili na chipukizi.

Injini ikazima. Nikavua helmeti. Na kwa kuwa sasa nilikuwa nimegeuzwa na ajali, si kwa kupenda kwangu, nikaiona foleni yangu kwa mara ya kwanza.

Hamjawahi kuona. Kuanzia mbele mpaka karibu na barabara, watu wote walikuwa rangi moja, nyekundu, kama ukuta wa duka uliopakwa tangazo la sabuni. Huwezi kujua yupi mwalimu, yupi mzee wa kanisa. Meno tu na macho. Na mbele yao alikuwa Mama Kibet, gauni la manjano halipo tena duniani, ameinama, mkono umefunika jicho la kulia.

Hapo sitawadanganya wala sitaongeza chumvi. Kiti kilinitoka kichwani kama hakijawahi kuwepo. Tope la kwetu lina mawe madogo ndani yake, na lile tairi lilikuwa linayarusha kama manati. Nilitoka kwenye majani nikakimbia, nikateleza, nikafika kwake kwa magoti.

"Toa mkono nione."

"Niache."

"Mama Kibet, tafadhali. Toa mkono."

Akautoa. Akapangusa kwa leso, polepole, akafungua jicho, likafunguka lote, jeupe pale panapostahili kuwa jeupe, likanitazama, na tangu nizaliwe sijafurahi hivyo kutazamwa vibaya.

"Ni zima?" nikauliza.

"Ni zima, Baba Kibet. Linakuona vizuri sana."

Kisha akakung'uta leso, akavuka ile nafasi ya katikati bila haraka, akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho wa Mama Chepkoech. (Nilipomuuliza baadaye alisema kura yangu alinipa akiwa safi, ile nyingine aliipiga akiwa mchafu.) Mwalimu akapita mbele yangu akipangusa miwani yake, akasimama.

"Korir," akasema, "ni mimi niliyekufundisha fizikia?"

Akatikisa kichwa, akavuka. Wengine wakavuka nyuma yake, wengine wakinitukana, wengine wakicheka mpaka wanashikana mabega ili wasianguke, na Weldon simkuti popote, nilikuja kumwona Jumatatu. Mahali pangu akabaki mtu mmoja, Mzee Arap Soi, aliyekuwa ameinamisha ule mwavuli wake mkubwa kukinga upepo tangu mwanzo.

"Mimi sijaguswa," akamwambia afisa. "Hesabu."

Afisa akahesabu mlolongo wangu kwa kidole kimoja, akamaliza.

Hotuba ya mwenyekiti mpya ilikuwa fupi kuliko salamu zangu. Akasema, "Kongoi, asanteni. Kwanza watu wakaoge. Majani yaliyoingia tope, atayachagua aliyeyaangukia." Basi nikashinda mchana kutwa kwenye ile meza ya kukagulia, natenga jani moja moja, na wapiga kura wangu wa zamani wakaanza kurudi mmoja mmoja wakiwa wameoga, wakijifanya wanapita tu, wakisimama kuniuliza kama uchaguzi wa ubunge nitagombea na trekta. Lakini walikaa wakanisaidia kuchagua. Hata mwalimu.

Jioni mvua ikanyesha tena, na lori likasimama kule chini kwenye lami kama kawaida yake. Nilikuwa nyumbani, miguu kando ya jiko, chai mkononi, nikajua simu ya Mama Chepkoech inapigwa na kijiji kizima, kisha tukamwona kupitia dirisha anateremka na gambuti na mwavuli. Mwenyewe nilitaka kutoka, Mama Kibet akaniambia niketi. Tukasubiri. Baada ya muda tukasikia lori linanguruma, linapanda, polepole, mpaka juu. Nasikia hakumhutubia dereva. Alikaa tu mbele ya lori kwenye jiwe, akafungua mkoba, akaanza kufuma sweta, na dereva akaona ni heri kupambana na mlima. Mimi ningemwelezea yule bwana haki zetu mpaka alfajiri, na majani yangeiva ndani ya gunia. Siku ile yalipimwa yote, ya Mama Kibet yakiwemo, na ng'ombe wetu wakala nyasi.

Ndiyo maana nalala vizuri. Simu yangu haiiti mvua ikinyesha, mke wangu ana macho mawili, na madigadi imerudi mahali pake juu ya tairi la kawaida lenye meno ya kawaida. Nimeapa sitagombea kitu tena, hata uongozi wa kwaya. Na siku hizi kabla sijapiga kiki hushuka kwanza, nazunguka pikipiki, nachungulia nyuma, nachungulia mpaka chini ya kiti. Vijana pale dukani huniuliza, "Profesa, umepoteza nini?"

Nawaambia natafuta wapiga kura.