Baba Hakuuona Mwezi

Hasira yangu ilianza kabla jua halijazama, na aliyeichokoza ni jirani yetu mwenye ng'ombe aliyepotea.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, mwaka wangu wa tisa kazini. Jumamosi ile nilipanda nyumbani kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, nikiwa nimebeba darubini ya kuazima. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye Landrova mbili kafungua kampuni ya kupeleka wageni mbugani. Mmoja wao aliachiwa darubini na mgeni, akaniazima kwa siku moja tu. Kesho yake asubuhi niirudishe mjini. Nikaalika majirani, wakaja wengi, hata wanakwaya. Lakini kusema kweli niliyemtaka alikuwa mmoja tu, baba yangu.

Baba hakuamini kwamba binadamu amefika mwezini. Redio ilipotangaza habari hiyo nilikuwa mtoto, naye alisema ni uongo, na tangu nilipoanza kusoma tulibishana mpaka chai ikapoa. Soko huria likamzidishia ukaidi. Alinunua dawa ya kupe, kopo lina picha ya ng'ombe mnene, kumbe ndani ni maji meupe tu. "Siku hizi kila mtu anauza maneno," alisema. "Mimi nitaamini nilichoona." Basi nikaapa kwamba ataona. Aone milima ya mwezi na mashimo yake, akubali kwamba pale ni mahali, pana ardhi, mtu anaweza kusimama. Nilitaka walau mara moja maishani aniambie, kweli mwanangu ulisoma.

Sasa jirani. Mwanga ulikuwa bado upo, akaomba atazame mlimani kama atamwona ng'ombe wake. Nikamwelekezea. Akachungulia, kisha akasema kwa sauti ya msiba, "Mwalimu, amekufa. Miguu iko juu." Darubini ya nyota huonyesha vitu juu chini, nami nilikuwa sijamweleza. Kabla sijafungua mdomo alishakamata fimbo yake anakimbilia mlimani, mkewe nyuma yake, wakaipamia darubini nusura ianguke. Nilifoka kweli. Nikapiga marufuku: hakuna kuigusa tena, hata kwa kidole. Mtu aje mikono nyuma, achungulie, apishe wengine.

Giza lilipoingia, mwezi nusu ulikuwa utosini, na Meru haikuwa na wingu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikaulenga mwezi, nikauona wazi kabisa, mashimo yamejaa kama uji unaotokota. Nikawapanga watu mstari. Mimi nikasimama pembeni nikihutubia: jinsi Warusi walivyorusha mbwa kwanza, kisha mtu, na jinsi Wamarekani walivyoshuka mwezini na kurudi na mawe. Kila aliyechungulia aliniambia, "Nimeuona, mwalimu, ahsante sana." Mzee wa kanisa akasema ni kazi ya Mungu. Mama mmoja wa kwaya akasema hajaona kitu kizuri namna ile. Kichwa kikanivimba.

Baba, kama ilivyo desturi yake, alisubiri wageni wamalize. Akainama, mikono nyuma kama nilivyoamuru. Alikaa pale muda mrefu kuliko wote.

"Sioni kitu," akasema.

"Tazama vizuri, baba."

"Natazama. Ni giza tupu."

Watu wakacheka chini chini. Ubishi wa miaka yote ile ukanipanda kooni. "Wote hapa wameuona," nikamwambia kwa sauti ile ya darasani. "Ni wewe peke yako. Na si macho, ni ukaidi." Sikuwahi kumwambia baba neno kama lile, sembuse mbele za watu. Alichukua koti lake akaingia ndani.

Nikainama nichungulie mwenyewe. Giza tupu.

Dunia inazunguka. Nimelifundisha jambo hilo miaka tisa, nimelichora ubaoni, nimelitungia mitihani. Darubini isiposogezwa, mwezi hutoka ndani yake baada ya dakika mbili tatu, nami ndiye niliyekataza isiguswe. Labda watu wawili watatu wa mwanzo waliuona. Waliobaki wote walichungulia giza wakaniambia wameona, kwa sababu kwetu mgeni hamwaibishi mwenyeji. Hula alichowekewa, akashukuru. Niliwachukia kwa adabu yao, kisha nikajichukia mwenyewe zaidi.

Wageni walipoondoka nililenga upya, nikaurudisha mwezi ndani. Nikaenda chumbani kwa baba. Nilimkuta ameketi kitandani anafungua kamba za viatu. Nikamweleza kosa lilikuwa langu, nikamwomba radhi, nikamsihi atoke kidogo tu, mwezi uko tayari na darubini inaondoka asubuhi.

Alivua kiatu cha kwanza, akakiweka chini ya kitanda.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nikitoka sasa nitakuambia nimeuona, hata nisipouona."