Kibanzi cha Mkarafuu

Kabla ya kiharusi kumlegeza mkono wa kulia, Duni alikuwa akikereza matendegu ya vitanda ambayo watu walitoka Ole mpaka Wete kuyafuata. Mashine ya kukerezea aliiunda mwenyewe, kwa mota ya pampu ya maji na vyuma vya kuokoteza. Alipougua, mkewe Kijakazi Ngwali, aliyesuka mikeka kando yake kwa miaka kumi na tisa huku akimtazama, aliweka ukindu chini akashika patasi. Matendegu yalimshinda kwa uzito. Akaanza kukereza kalamu.

Majirani walimsema kwa kushika kazi ya kiume, wakachoka. Walimu na makarani wakazipenda kalamu zake. Duni hakumzuia, lakini yeye mwenyewe hakuingia tena kwenye banda la kazi. Mwaka wa pili sasa alishinda barazani na redio yake, na mtu akimuuliza jambo la kazi humjibu, "Muulize fundi, yumo ndani."

Jumatano moja asubuhi Mwalimu Khatib wa Mgogoni alibisha hodi, mkononi ana kipande cha mti alichokizongea gazeti.

"Bi Kijakazi, mkarafuu huu kaupanda marehemu mama. Umeangushwa na upepo, watu wakaukata kuni. Nilichowahi ni hichi tu. Ijumaa namuoza mwanangu Mwatum, na cheti cha ndoa nataka nikitie saini kwa kalamu ya mti wa bibi yake."

"Inshallah, Mwalimu."

Kipande kilitosha kalamu moja, basi. Kijakazi alikitoboa katikati, akagandisha ndani kijibomba cha shaba cha kukalia wino, akakifunga kwenye mashine. Mkarafuu mkavu ni mgumu, tena hauna huruma. Kazi ikiwa inakaribia kwisha, patasi ilikwama, ukasikika mlio, ta! Kibanzi kikaruka. Ubavuni mwa kalamu pakabaki shimo kama punje ya mchele, shaba inachungulia.

Akazima mota. Akatoka barazani kumwonesha mumewe.

"Nyuma ya jiko pana mkarafuu mwengine," alisema Duni. "Kereza huo. Nani atajua?"

"Baba Silima," Kijakazi alimjibu mumewe, "mwenzetu kaleta mti wa mamaake. Nimpe wa nani?"

Duni akaipunguza redio. "Kibanzi chenyewe ki wapi?"

Kijakazi akarudi ndani, akayazoa maranda yote ya sakafuni, akayatia kwenye ungo, akapepeta kama apepetavyo mpunga. Mepesi yakapeperuka, mazito yakabaki. Kibanzi alikiona alipopepeta mara ya tatu. Akakipachika shimoni. Kiliingia, ila ncha yake moja ilikuwa imesagika.

"Hapo penye pengo usitie gundi tupu, itang'ara." Duni alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, ameshika mwimo. "Tia unga wa mti huohuo, uushindilie, ndipo udondoshe gundi. Hebu lete, kibanzi nikushikie mie."

Kijakazi akakipaka kibanzi gundi, akakirudisha shimoni. Duni akakifunika kwa kipande cha nailoni, akakikandamiza kwa gumba la kushoto. Wakakaa hivyo, vichwa vimekaribiana. Kilipogandamana, wakaliziba pengo kwa unga.

"Sasa noa patasi," alisema Duni. "Ulikuwa unakatia butu."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambiaje, na mimi sikuwamo?"

Kijakazi akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Akainoa patasi, akamalizia kwa kugusagusa tu, kisha msasa.

Alhamisi Mwalimu alipokuja, alielezwa yote kabla hajaishika kalamu. Aliigeuza kwenye mwangaza, akapapasa.

"Wapi?"

Kijakazi akamwonesha kwa ukucha kijistari chembamba cheusi.

"Mimi nilidhani ndivyo ulivyo mti," alisema Mwalimu. "Kesho mje wote wawili. Msiponijia kwenye pilau hiyo nitakasirika."

Walikwenda. Baada ya saini kalamu ilizungushwa mkono kwa mkono, na Duni, ndani ya kanzu yake, alikuwa akiwaeleza wazee jinsi kibanzi kilivyopatikana kwa ungo, anamsifu mkewe bila haya. Jumamosi asubuhi alimtaka amwingizie kiti bandani. Tangu hapo Kijakazi ndiye anayekereza, na Duni anapiga msasa kwa mkono wa kushoto, polepole, wakibishana kutwa juu ya mti upi una rangi nzuri zaidi.