Nilisomea Biashara, Sikujua Mpunga

Ipo siku moja ambayo bado inanirudia, Mwanangu unayeniuliza usomee nini. Kesho yake nilikuwa naenda Bukavu kujiandikisha chuo kikuu, na kwenye fomu yangu nilikuwa sijaandika nitasomea nini. Mama alinipakulia wali, akakaa kunitazama nikila. Nikajua ana neno.

Mama alinunua mpunga Bwegera na kuuza mchele hapa Rugenge, katika depo yake ndogo, ghala na duka kwa pamoja. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na nilitaka kuwa mfanyabiashara, tena yule mkubwa wa ofisini na viatu vya visigino.

"Biashara ya nini?" aliniuliza.

"Biashara tu, mama. Iko na fakilte yake kule chuo."

"Minye sikusoma, lakini mupunga naujua. Weye soma mambo ya kilimo, ya kuuza nitakufundisha hapa. Tutatumika kazi pamoja, sisi wawili."

Nilicheka. Nikamwambia kilimo ni cha watu wa matope, mimi mwenyewe niliyelelewa kwa mpunga! Mama aliondoa sahani. Mpaka leo naona aibu.

Nilisoma, nikafaulu, nikarudi na maneno makubwa. Mama akaniachia ununuzi wa msimu mmoja. Yeye alizoea kuzamisha mkono mpaka chini ya gunia, akatoa punje na kuiuma, asikie kama imekauka. Mimi niliona huo ni ushamba. Niliangalia punje za juu, zilizopigwa na jua, nikajaza depo. Kumbe chini mpunga ulikuwa mbichi. Baada ya wiki chache depo nzima ilinuka, na mchele ulitoka mashineni vipande vipande. Wamama waliokuwa wateja wetu tangu sijazaliwa walihamia kwa wengine.

Mama hakunigombeza. Alikaa mlangoni kutwa nzima akisalimia wapita njia, na hakuna aliyeingia. Nami, badala ya kukaa naye, nilikimbilia Bujumbura kutafuta kazi ya ofisi, kwa haya tu. Alikufa nikiwa huko. Sasa nimerudi Rugenge, nina shahada ukutani, na nyumbani humu siku nzima nasikia sauti yangu peke yake. Wakati mwingine naongea na sufuria. Usicheke, upweke unauma.

Basi, kama moyo wako uko kwenye biashara, jua kwanza utauza nini, kisha usomee hicho. Ni samaki? Soma samaki. Ni dawa? Soma dawa. Hesabu na usimamizi utavipata njiani, hata kwa masomo ya jioni. Wako wanaofaa kusomea biashara yenyewe, sikatai, ila wawe wanajua wanaipeleka wapi. Na kabla hujaandika chochote kwenye fomu, keti na yule aliyeifanya kazi hiyo kabla yako, umsikilize mpaka amalize.

Mungu akuangazie, Mwanangu. Akupe akili ya kusoma na unyenyekevu wa kuuliza, na siku utakayorudi na shahada yako, uwakute waliokutuma wakiwa hai.