Baba Alipojifunza Kukaa

Mwaka ule karafuu zilizaa sana kwetu Pemba, na wachumaji hawakutosha. Baba tulishamkataza kupanda kwa umri wake, lakini karafuu zikishaanza kufunguka hazimngoji mtu, naye hakuwa mtu wa kukaa barazani huku mali yake inaharibika juu ya mti. Alipanda asubuhi, na kabla ya adhuhuri tawi likakatika. Mimi nilikuwa skulini nasomesha. Mama alinipigia simu akasema, "Babaako kaanguka, njoo," kisha akakata, wala hakupokea tena nilipompigia.

Alilazwa Mkoani, akapelekwa Unguja, akarudishwa kwetu Mtambile baada ya muda mrefu akiwa hawezi kusogeza miguu. Mgongo ulimuuma hasa akiinuliwa. Akilala chali aliweza kuzungumza na hata kucheka kidogo. Ukimwinua, uso ulibadilika rangi. Na kwa kulala kote kule akapata vidonda nyuma, juu ya makalio, ambavyo mama alikuwa akivisafisha kila siku pamoja na muuguzi mmoja wa kike, jirani yetu, aliyekuwa akija kutusaidia.

Daktari wa Unguja alisema kwamba huko India yapo mahospitali ambayo labda yangeweza kuunyoosha mfupa wa mgongo na kupunguza maumivu. Alisema labda. Nilikuwapo, nililisikia neno lile. Lakini tulipofika nyumbani tukalieleza kwa watu, kila aliyelipokea alilipunguza kidogo, hata siku chache baadaye watu wakawa wanakuja kumwambia baba kwamba anakwenda India kutibiwa na atarudi kwa miguu yake.

Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Maskati tangu ujana wake, alisema katika simu, "Mambo ya tiketi niachieni mimi. Wewe chagua ndege itakayomfaa baba, unambie." Basi kazi ya kuchagua ikaniangukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma Kiingereza na ndiye niliyekuwa naishi naye.

Nilikwenda Chake Chake kwa wakala wa tiketi, msichana mpole aliyeniwekea kiti upande wake ili nione mwenyewe kwenye kompyuta. Alinionyesha njia tatu. Moja ilikuwa ya haraka kuliko zote, lakini ndege zake zina viti vya kawaida tu, vya kukaa wima mwanzo hadi mwisho. Ya pili ilikubali mgonjwa wa machela. Huondoa viti vya nyuma wakatandika machela na kuweka pazia. Lakini walitaka daktari asafiri naye, na madaktari wao wenyewe wampitishe kwanza, na majibu yao yangeweza kuchukua muda ambao hata yeye hakuujua. Ya tatu ilipitia Maskati, nayo ilikuwa na daraja la bizinesi, ambalo kiti chake hubonyezwa kikawa kitanda.

"Hii ya tatu ndiyo yetu," nilisema.

"Ndiyo, lakini kuna sharti," akasema. "Ndege ikipaa na ikitua, kila abiria lazima akae wima na mkanda. Hata wa bizinesi. Mzee anaweza kukaa?"

"Kwa muda gani?"

"Kama nusu saa. Na kutua nusu saa nyingine. Na ikikawia kuondoka, basi zaidi. Wakimwona hawezi, hawamchukui."

Nilimpigia kaka nikiwa pale pale. Alifurahi kusikia Maskati. Alisema ataomba ruhusa aingie ndani ya uwanja, amwone baba walau kwa kitambo tukiwa tunabadilisha ndege. Alikuwa hajamwona miaka mingi. Nilipomweleza habari ya kukaa wima akasema, "Muulize mwenyewe."

Nilimuuliza baba jioni ile. Nilimweleza njia zote tatu, na ile ya machela nikaieleza vizuri zaidi, kwa sababu tangu kusikia lile sharti ndiyo niliyoitaka moyoni, hata kama ingechelewa. Alinisikiliza akitazama dari.

"Hiyo ya pazia," akasema, "watu wote watapita wanitazame nimelala?"

"Kuna pazia, baba."

"Pazia hufunuka. Miye n'takaa. Nusu saa n'takaa."

Basi tukaanza kumfundisha kukaa. Niliazima kiti kimoja cha mikono pale skulini, mama akakitandika mito na juu yake kitambaa laini. Baada ya sala ya alasiri tulimfunga ule mkanda wa mgongo aliopewa hospitali, mama akamshika kwapani upande mmoja na mimi upande mwingine, tukamwinua. Siku ya kwanza hakufika hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Jasho lilimtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji, macho yakapinduka, tukamrudisha kitandani tukidhani ametutoka.

Siku ya pili alisema, "Mnifunge kanga kifuani, nisianguke mbele. Na weye mwalimu, nambie ndege iko wapi."

"Ndege gani, baba?"

"Hiyo tunayopanda. Nambie iko wapi, nijue imebaki kiasi gani."

Nikawa namwambia. Sasa watu wanaingia. Sasa wanafunga mlango. Sasa inatembea chini, polepole, inakwenda kugeuka. Sasa inakimbia. Baba alikuwa hajapanda ndege maishani mwake, na mimi nilikuwa nimepanda mara moja tu, ile ndogo ya kutoka Pemba kwenda Unguja, kwa hivyo mengine niliyabuni. Alifumba macho akashika mikono ya kiti. Nilipomwambia, "Sasa imeshapaa, wamesema tulale," alikuwa akitoa pumzi ndefu, nasi tunamlaza.

Kila siku tuliikawiza ndege kidogo. Mama alifunga madirisha kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wakija kusikiliza anavyougua. Yule muuguzi alipofungua kidonda akakuta kimechimbika upya, alimvuta mama ukumbini akamwambia tuache. "Mnamuumiza bure. Hiki kilikuwa kinaanza kufunga."

Baba akasikia. "Mwambie haachi mtu," alisema kutoka chumbani. "Kidonda watakifunga huko huko."

Siku alipoimaliza nusu saa hakuna aliyefurahi kwa sauti. Tulimlaza, mama akamfuta uso, kisha akaenda jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya jiko ambalo hakuliwasha.

Likabaki suala la nani akae naye. Kaka aliweza viti viwili vya bizinesi, cha tatu kiwe cha kawaida kule nyuma. Mimi nilidhani hapana mjadala: mimi ndiye najua lugha, mimi nikae mbele. Mama ni mzaliwa wa kisiwa cha Makoongwe, hapo mbele ya Mkoani. Tangu utotoni amezoea vyombo vya baharini, lakini ndani ya ndege alikuwa hajaingia. Nilimwambia baba hivyo.

"Mamaako akae na miye," akasema.

"Ukitaka kitu je? Atawaambiaje?"

"Miye nikitaka kitu humwambia yeye."

Kwa ndoa ya miaka yote ile, na baada ya miezi ya kugeuzwa na kusafishwa na mkono ule mmoja, ningemwambia nini? Nilimwandikia kaka majina ya wa mbele na wa nyuma.

Tulivuka kwa meli kutoka Mkoani, baba akiwa amelazwa kwenye godoro sakafuni, abiria wakiruka miguu yake na kumwombea shifaa. Tulipumzika Unguja kwa jamaa, tukaenda uwanjani asubuhi. Daktari wa uwanja alimtazama kwenye kigari cha magurudumu, amefungwa mkanda, amezungushiwa mito, uso umekazwa. Alimuuliza kama yuko sawa. Baba akajibu, "Alhamdulillahi," akapitishwa.

Walimpandisha kwanza yeye. Nilimsaidia kukaa, nikamwonyesha mama kitufe cha kukilaza kiti, nikamwonyesha na kile cha kumwita mhudumu. Mama alitikisa kichwa, lakini alikuwa akimtazama baba, si vitufe. Kisha mhudumu akaniomba kwa adabu niende kwenye kiti changu, na nyuma yangu akavuta pazia.

Ndege haikuondoka. Rubani alisema tunangoja njia. Tulikaa chini, joto likapanda, mimi nikitazama saa hata nikaona nusu saa ya baba imekwisha na bado magurudumu hayajageuka. Ilipopaa hatimaye, taa ya mikanda haikuzimwa, kwa sababu ya mawingu. Niliinuka, nikaambiwa nikae. Nikasema, "Baba yangu mgonjwa yuko mbele." Mhudumu wa huku nyuma akanijibu kwamba mbele wapo wenzake na watamwangalia.

Taa ilipozimwa nilikwenda mbio nikafungua pazia. Kule mbele kulikuwa kimya. Watu wote walikuwa wamelaza viti, wengine wamejifunika. Baba alikuwa amekaa wima. Macho ameyafumba, mikono imeshika kiti, na kwenye mdomo wa chini kulikuwa na damu mahali alipojiuma. Mama alikuwa amempitishia mkono nyuma ya mgongo kumshikilia.

"Mbona hamjamlaza?"

"Hawajasema," mama akanijibu. "Tunangoja waseme."

Mhudumu alikuja akashtuka. Alisema alipita akamwona mzee amefumba macho, akadhani amelala, akaona asimwamshe. Hakusema uongo. Baba hakutoa sauti hata kidogo, ndivyo alivyojifunza kule nyumbani, kufumba macho na kungoja kuambiwa. Na safari hii hapakuwa na wa kumwambia.

Tulimlaza. Kitambaa nyuma yake kilikuwa kimelowa damu na maji ya kidonda, na kiti pia. Mama alivua mtandio wake mmoja akautandika. Baba alifungua macho, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ndege iko wapi?"

"Iko juu, baba. Zamani."

Yule mhudumu hakunirudisha nyuma tena. Nilikaa sakafuni baina ya viti vyao hadi karibu na kutua, alipokuja kuniambia kwamba sasa lazima mzee ainuliwe. Alilisema jambo hilo huku akitazama pembeni.

Maskati kaka hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa nje ya jengo lile lile, tukizungumza kwa simu, na mimi nikamwekea baba simu sikioni. Sikusikia kaka alisema nini. Baba alijibu, "Nimefika salama. Kiti kizuri. Allah akulipe." Basi.

India walimpiga picha nyingi. Daktari aliyekuja kutuletea majibu alikuwa kijana, alinitazama mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikifasiri. Alisema muda umepita mwingi. Mfupa umeshaungana hivyo hivyo, kuukata upya kwa umri wake ni hatari bila faida. Watatibu vidonda, watampa dawa za maumivu zilizo nzuri zaidi, basi.

"Kasemaje?" mama akaniuliza.

Nilisema yote, kwa utaratibu, kama yalivyosemwa, ila lile la "bila faida" sikulitia. Baba akaniuliza, "Na kukata?" Nikamwambia kwamba hawatakata. Aligeuza uso ukutani, na siku ile hakula.

Vidonda vilipopata nafuu kaka alipiga simu kuuliza juu ya kurudi. Alitaka kutukatia mbele kama mwanzo, na safari hii sote watatu. Baba aliiomba simu. "Nikatie nyuma na watu," akamwambia. "Nikae baina yao hawa." Kaka alibishana, baba hakubadilika. Tukarudi tumekaa safu moja, yeye katikati, dawa za hospitali zikimlegeza, kichwa chake begani kwa mama. Nilikuwa nikimwinua kidogo kila mara ili damu itembee. Aliumwa, lakini alikuwa analisema, nasi tunasikia.

Alifariki masika yaliyofuata, nyumbani, kwa homa iliyotokana na kidonda. Kaka alipanda ndege ya kwanza aliyoipata, daraja lolote, akapitia miji miwili akilala kwenye viti vya viwanja, na akafika Mtambile sisi tumeshazika. Maiti hangeweza kungojwa zaidi. Mashehe walisema hivyo, na mama alikubali.

Alikaa nasi hadi hitima. Siku moja alimwambia mama ahamie kwake Maskati, kuna nyumba nzuri, kuna wajukuu hajawaona. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Waje wao," akasema.

"Watakuja, mama. Lakini na wewe uje. N'takukatia kiti kizuri, utalala njia nzima."

Mama aliacha kuchagua, akamtazama mwanawe bila ya hasira. "Miye sipandi," akasema, kisha akaendelea na mchele wake. Kaka alitoka akakaa barazani peke yake. Nilimpelekea chai, hakuinywa, nikakaa naye hadi ilipoadhiniwa magharibi.